Dola 300 za safari ya Chicago: kisa cha Amanda Hocking

Waandishi wanaojichapishia wenyewe humtaja Amanda Hocking kama vijana wa mchangani wanavyomtaja Samatta: jina la kuthibitisha kwamba inawezekana. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu, na haupiti mwaka bila mtu kunibwagia kisa hiki mezani, akinifundisha kwamba mchapishaji ni dalali tu, tena dalali wa kurukwa. Binti wa Kimarekani, hana mbele wala nyuma, kakataliwa kila mlango, anaziweka hadithi zake mtandaoni, anaamka milionea. Imeisha hiyo.

Nimekaa na kisa hiki, tarehe zake na hesabu zake, na naona kinasimuliwa kichwa chini miguu juu. Inasemwa mabonde yalikuwa mwanzoni, milima ikaja baadaye. Mimi naona bonde lililomshinda alilikuta baada ya kupanda, wasomaji wakiwa wamejaa tele.

Hocking alizaliwa 1984 na kukulia Austin. Si ile Austin ya Texas, ni mji mdogo wa Minnesota wenye makao ya Hormel, wale wa nyama ya kopo ya Spam. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba za kulelea watu wenye ulemavu, kwa mshahara wa kama dola 18,000 kwa mwaka. Kwa maisha ya Marekani hiyo ni fedha ya kubangaiza. Baada ya kazi aliandika, mara nyingi usiku kucha, kopo la Red Bull likiwa karibu.

Riwaya yake ya kwanza aliimaliza akiwa na miaka 17, akaituma kwa mawakala wapatao 50. Wote walimkatalia. Kule mashirika makubwa ya uchapishaji kwa kawaida hayapokei mswada uliotoka moja kwa moja kwa mwandishi; unapitia kwa wakala, ambaye akifanikiwa kuuuza huchukua fungu lake, mara nyingi asilimia 15. Mwandishi hutuma barua fupi ya kujieleza, na jibu, likija, ni barua ile ile waliyotumiwa wengine mia. Hocking aliendelea kuzipokea barua hizo kwa miaka tisa. Mwanzoni mwa 2010 alikuwa na riwaya 17 zilizokamilika na hajauza hata moja.

Hapa ndipo wasimuliaji wetu wanaporuka haraka, kama mtu anayevuka mtaro. Riwaya 17! Anayeniletea mswada wake wa kwanza, wino haujakauka, huku Hocking akiwa mdomoni, huwa namuuliza ile mingine 16 ameiacha wapi. Simkejeli. Miswada ile ilimfanyia Hocking kazi mbili. Mkono ulizoea: alijifunza kumfikisha msomaji ukurasa wa mwisho, na njiani alianza kuchungulia madukani ni hadithi za aina gani zinazonunuliwa badala ya kuandika tu kilichomjia. Kazi ya pili ni ya kibiashara. Alipofungua mlango, duka lilikuwa na mzigo. Msomaji aliyemaliza kitabu cha kwanza usiku wa manane alikuta cha pili kinamsubiri, na cha tatu. Mwandishi wa kitabu kimoja hana cha kumuuzia mteja aliyeridhika.

Aprili 2010 alisikia kwamba maonyesho ya kazi za Jim Henson, yule mbunifu wa vikaragosi vya Muppets, yangefika Chicago baadaye mwaka huo. Alimpenda Henson tangu utotoni. Petroli na hoteli vilihitaji kama dola 300, na hakuwa nazo. Akafikiri: nikiziweka hadithi zangu Amazon, ndugu na marafiki wakanunua nakala chache, kwa miezi sita sitakosa dola 300. Shabaha ilikuwa hiyo tu. Hakukuwa na mapinduzi yoyote akilini mwake, na wala hakutangaza vita na wachapishaji.

Katikati ya Aprili alipakia My Blood Approves, hadithi ya mapenzi ya binti na wanyonya damu katika jiji la Minneapolis. Ndani ya siku chache ilikuwa ikiuza nakala tisa kwa siku. Mei akaongeza vitabu viwili vya mfululizo huo huo, mauzo ya mwezi yakafika nakala 624. Juni yakapita 4,000. Julai akapakia Switched, riwaya aliyoiandika kwa muda wa wiki moja na kitu, na mwezi huo akabakiwa na zaidi ya dola 6,000. Agosti akaacha kazi. Ilipofika Oktoba, mwezi ule aliokuwa akiuvizia kwa ajili ya Chicago, alikuwa amekusanya kama dola 20,000, fedha ya kufanya safari ile zaidi ya mara 60.

Nirudi kwenye Julai, kwa sababu ina siri. Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, kilikuwa sokoni tangu Novemba 2007, na mtu yeyote aliruhusiwa kupakia kitabu na kulipwa asilimia 35 ya bei. Mwisho wa Juni 2010 Amazon ikaanza kulipa asilimia 70 kwa vitabu vya bei ya kuanzia dola 2.99 hadi 9.99. Chukua kalamu. Kitabu cha senti 99 kilimpa mwandishi kama senti 35. Cha dola 2.99 kilimpa kama dola 2 na senti 9. Bei ni mara tatu, kipato ni mara sita. Hocking alikuwa na vyote viwili: kitabu cha kufungulia mfululizo kwa senti 99, vinavyofuata kwa 2.99. Kile cha kwanza ni zile punje tatu za karanga ambazo muuzaji anakutilia kiganjani kabla hujasema unanunua. Ukishatafuna, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Sisemi asilimia 70 ndiyo iliyomtajirisha. Waliopakia vitabu mwaka ule ni wengi na wengi wao hawakuonekana. Nasema alifika kituoni na mizigo yake yote dakika chache kabla basi halijaondoka. Mwandishi mwenye kipaji kile kile aliyepakia mwaka 2008 alikuta wasomaji wachache wenye kifaa, na mgawo wa asilimia 35.

Kulikuwa pia na wanablogu wa vitabu, na huyu alijua thamani yao mapema. Walikuwa vijana waliosoma hadithi za mapenzi na mazimwi na kuandikiana juu yake bila kulipwa na mtu. Hocking aliwatumia nakala bure wazisome na waseme watakalo. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba hapo ndipo mauzo yalipopaa. Hakununua tangazo, alikwenda barazani ambako watu wa hadithi zile walikuwa tayari wanazungumza.

Mwandishi wa kwetu ataliona pengo mara moja. Anayejichapishia riwaya Dar es Salaam au Nairobi huanza kwa kutoa, si kwa kupokea. Kiwanda cha uchapaji kinataka fedha mkononi, na ukichapa nakala chache kila moja inakuwa ghali mno, kwa hiyo unajipa moyo unachapa nyingi. Maboksi yanaingia chini ya kitanda. Duka linapokea nakala kumi kwa mali kauli, ulipwe zikishauzwa, na kila ukipita kuulizia unajiona kama mkusanya madeni. Mtu mmoja akipiga picha kurasa zako, PDF inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla hujarudisha gharama. Hocking hakuwa na maboksi. Kwake nakala ya elfu kumi haikugharimu zaidi ya nakala ya kwanza, na mnunuzi alikuwa na kadi ya benki iliyounganishwa na duka tayari. Asiyeitaja tofauti hiyo anapokusimulia kisa hiki anakudanganya, hata kama hana nia mbaya.

Lakini kwa kile kilichofuata, Hocking na mwandishi wa Kariakoo ni ndugu.

Januari 2011 alikuwa akiuza zaidi ya nakala laki moja kwa mwezi. Magazeti makubwa ya Marekani yalimtembelea. Na wasomaji walianza kumwandikia kuhusu makosa: herufi zilizorukwa, maneno yaliyokosewa, sentensi zisizokaa sawa. Alikuwa ameajiri wahariri wa kujitegemea, zaidi ya mmoja, na makosa yaliendelea kupita. Alilieleza hilo kwa uchungu: alijitahidi kupata kila kitu sawa na hakuweza, na jambo lile likawa linamla moyoni.

Kama mhariri, hapa lazima nitulie. Watu wanadhani kuhariri ni mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu. Mswada ukija kwangu, kwanza nausoma bila kugusa kitu, nikitafuta mahali ambapo hadithi inalegea: mhusika anayepotea sura ya nne na kufufuka sura ya tisa, ugomvi usio na sababu. Nikimaliza hapo na mwandishi akarekebisha, ndipo tunashuka kwenye sentensi. Zikishapangwa kurasa, mtu wa tatu ambaye hajawahi kuiona kazi anasoma prufu, kwa sababu mimi na mwandishi tumeshaizoea na macho yetu yanasoma tunachokumbuka badala ya kilichoandikwa. Nimewahi kuacha jina la mhusika limeandikwa namna mbili katika ukurasa mmoja, baada ya kuupitia mara tano. Hocking alikuwa na watu wa kupitia sentensi. Alichokosa ni mnyororo, na mtu wa kuusimamia. Msimamizi alikuwa yeye mwenyewe, yule yule aliyetakiwa kuwa anaandika kitabu kinachofuata.

Makosa yalikuwa kidonda kinachoonekana tu. Nyuma yake kulikuwa na majalada ya kutafutiwa wachoraji, mafaili ya kupangwa kila duka kwa mtindo wake, barua pepe za wasomaji, za waandishi wa habari, za watu wa filamu. Machi 2011 aliandika wazi kwamba anataka kuwa mwandishi, na hataki kutumia saa 40 kwa wiki kushughulikia barua pepe, majalada na kutafuta wahariri. Kuwa yeye, alisema, kumegeuka kuwa kampuni nzima. Fikiria aliyesema hivyo ni nani. Aliposhika kazi ya mshahara aliandika riwaya 17 kwa saa alizoiba usiku. Alipokuwa na uhuru wote na fedha zote, saa za kuandika zikawa ndizo za kutafuta.

Ndiyo maana nasema ni ndugu wa mwandishi wa Kariakoo. Nawajua wanaouza riwaya za mfululizo kwa simu: sehemu za mwanzo bure Facebook, utamu ukikolea unatuma fedha kwa M-Pesa na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Ni werevu ule ule wa punje tatu za karanga. Lakini mwangalie mwandishi huyo saa nne usiku. Analinganisha majina kwenye ujumbe wa malipo na majina kwenye kundi. Mmoja katuma kwa namba ya mume wake, mwingine anadai kalipa jana, wa tatu kanakili sehemu zote na kuzimwaga kundi jingine. Wote wanauliza mwendelezo uko wapi, na mwendelezo haujaandikwa kwa sababu anawajibu wao.

Katika maandishi yake ya Machi ile ile Hocking aliwaonya waliotaka kumfuata. Kuuza kwake vitabu milioni, alisema, hakumaanishi kila mtu atauza. Wengi zaidi watauza chini ya nakala 100 kuliko watakaouza 10,000. Alisema pia kwamba hampendi anayemtumia kama rungu la kuwapigia wachapishaji. Sehemu hii ya kisa sijawahi kuletewa na mwandishi yeyote mezani kwangu.

Kisha ukaja mnada. Wakala wake, Steven Axelrod, aliupeleka mfululizo mpya wa vitabu vinne, Watersong, mbele ya wachapishaji wakubwa wa New York, wakapandishiana bei kwa siku kadhaa. Machi 24, 2011 ilitangazwa kwamba St. Martin's Press imeshinda kwa zaidi ya dola milioni mbili. Siku chache kabla ya hapo Barry Eisler, mwandishi wa riwaya za kijasusi aliyekuwa amezoea kuchapishwa na mashirika makubwa, alikuwa ametangaza kukataa dola 500,000 za St. Martin's hiyo hiyo ili ajichapishie mwenyewe. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, wamepishana mlangoni. Magazeti yalifurahia sana jambo hilo na kuuliza nani kati yao mjinga. Miezi miwili baadaye Eisler naye alisaini mkataba, na Amazon, iliyokuwa imeanzisha tawi lake la uchapishaji. Kwa hiyo hata yule mpiganaji hakulala nje muda mrefu.

Je, Hocking alipata faida? Tufanye hesabu ya gengeni. Milioni mbili kwa vitabu vinne ni dola 500,000 kila kimoja, kabla ya fungu la wakala. Kwa bei yake ya 2.99 na kipato cha dola 2.09, alihitaji kuuza nakala kama 240,000 za kila kitabu ili afikie hapo peke yake. Kwa mtu anayeuza zaidi ya laki moja kwa mwezi, vitabu vyote pamoja, hilo halikuwa mbali. Kwa mujibu wa karatasi tu, huenda angebaki na fedha zaidi kama angekataa. Waliomlaumu walishika hesabu hiyo na kuishia hapo.

Nadhani walisahau kuandika saa kwenye safu ya gharama. Malipo yale ya awali hayakuwa zawadi, yalikuwa bei ya kuuza kero: mhariri, msoma prufu, mchora jalada, mpangaji kurasa, mtu wa kusambaza, mtu wa kujibu simu za magazeti. Na kulikuwa na kitu ambacho Kindle haikuweza kumpa. Wasomaji walimwambia wanakwenda dukani na hawakikuti kitabu. Mwaka 2011 mamilioni ya wasomaji wa Marekani, hasa vijana wasio na kadi ya benki, bado walinunua kwa kwenda dukani. Mimi ningesaini, na ningesaini kwa haraka isiyo ya kistaarabu.

Kuna jambo moja ambalo lingenifanya nisite, nalo ni trilojia ya Trylle, ile iliyoanza na Switched. Vitabu vile vilikuwa vyake, vinauzwa, vinamlipa asilimia 70. St. Martin's ilivinunua pia, kwa mkataba mwingine, vikapitiwa na mhariri na kutoka upya kwa karatasi, Switched Januari 2012 na viwili vingine miezi iliyofuata. Kwa mwandishi, kutoa kitabu kipya ni rahisi kuliko kumkabidhi mtu ng'ombe anayekamuliwa kila asubuhi. Alikabidhi. Kufikia wakati huo alikuwa ameuza nakala zipatazo milioni 1.5 kwa miezi 20 na kuingiza kama dola milioni 2.5, kwa hiyo hakuwa akikimbia njaa. Trilojia hiyo iliingia kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi, na Watersong ikaanza kutoka Agosti 2012.

Waandishi wanaoniletea kisa hiki huwa hawakiendelezi kupita hapo, na ni hasara yao. Aliendelea na St. Martin's kwa miaka mingi: Wake, kile kitabu cha kwanza cha Watersong, na wenzake, kisha mfululizo wa Kanin 2015, kisha mingine. Ila My Blood Approves, kile kitabu kilichouza nakala tisa kwa siku, hakukipeleka New York. Alibaki nacho. Wasomaji wa zamani walikuwa wanadai mwisho wa hadithi ile tangu alipoiacha, na mwaka 2016 aliwapa kitabu cha tano, Swear, akakipakia mwenyewe.